Jino bila daftari

Mwaka 1965, katika jiji la Göteborg nchini Sweden, Per-Ingvar Brånemark alipandikiza vipande vya titani kwenye taya la Gösta Larsson, mtu aliyezaliwa na kasoro za taya. Larsson ndiye aliyekuwa mgonjwa wa kwanza wa tiba hiyo. Alifariki mwaka 2006, na kwa takriban miaka 40 vipandikizi vyake vilikuwa bado kazini. Madaktari wa meno hupenda kuitaja habari yake kuthibitisha kwamba mfupa huikubali titani na kushikamana nayo. Mimi naitaja kwa sababu nyingine. Miaka 40 ni mingi kuliko muda ambao madaktari wengi hukaa kwenye kliniki moja, na ni mingi kuliko umri wa kliniki nyingi za binafsi katika miji yetu. Kitu kinachodumu hivyo mdomoni mwa mtu kitakuja kuguswa na mikono ya watu wengi ambao hawakukiweka. Ndiyo maana nasema kila anayewekewa jino la kupandikiza atoke kliniki na kadi yake mkononi, yenye maelezo ya kila sehemu iliyoingia mdomoni mwake: imetengenezwa na nani, kwa malighafi gani, kwa kipimo gani, na inashikiliwa na nini. Bila kadi hiyo tiba haijakamilika, hata kama jino linang'aa.

Mazungumzo ya kila siku hulifanya jambo hili lionekane jepesi. Mtu husema "nimeweka jino", kana kwamba amewekewa kitu kimoja. Kwa hakika ni vitu vitatu vilivyopandana. Chini kabisa, ndani ya mfupa, kuna kipandikizi chenyewe: kijiti chenye hesi, ambacho mara nyingi kina kipenyo cha milimita 3 hadi 5. Juu yake, kikipenya ufizi, kuna kiungio. Juu ya kiungio kuna taji, yaani sehemu inayoonekana mtu akicheka. Au kuna daraja, pale meno matatu au zaidi yanapofungwa pamoja juu ya vipandikizi viwili au zaidi. Ongeza skrubu ndogo inayokaza kiungio kwenye kipandikizi, na pengine gundi inayoshika taji juu ya kiungio. Si lazima vitu hivi vitoke kiwanda kimoja. Kipandikizi kinaweza kuwa cha Uswisi, Korea Kusini, Brazili au Israeli. Kiungio kikawa nakala ya kiwanda kingine kabisa. Taji likachongwa na fundi wa maabara ya Dar es Salaam au Nairobi kutoka kwenye diski ya zirkonia iliyoagizwa ng'ambo. Mgonjwa hulipa bili moja, lakini huondoka na bidhaa za watengenezaji watatu au wanne.

Malighafi zenyewe zina tofauti ambazo jicho haliwezi kuziona. Titani safi inayotumika kwa vipandikizi imepangwa katika ngazi nne, na ya nne ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Kuna pia aloi ya titani yenye takriban asilimia 6 ya alumini na asilimia 4 ya vanadi, ambayo hutumika sana kwa viungio na skrubu, na kuna aloi ya titani na zirkoni iliyobuniwa ili vipandikizi vyembamba vihimili mzigo. Kwenye taji uwanja ni mpana zaidi. Kwa miongo mingi taji la kawaida lilikuwa kauri iliyochomewa juu ya metali, na metali hiyo inaweza kuwa aloi ya dhahabu, au kobalti na kromi, au nikeli na kromi. Nikeli huwaletea baadhi ya watu mzio. Kwao tofauti kati ya aloi mbili zinazofanana kwa rangi ni tofauti kati ya ufizi mzima na ufizi unaovimba kila mwezi. Siku hizi kliniki nyingi zinatangaza zirkonia, kauri ngumu inayochongwa kwa mashine ya kompyuta ikiwa bado laini kama chaki, kisha huchomwa kwenye tanuri la nyuzijoto 1,500 hivi na kusinyaa kwa takriban moja ya tano ya ukubwa wake.

Hata neno zirkonia lenyewe halitoshi kwenye risiti. Zirkonia huimarishwa kwa kuchanganywa na itria, na kiasi cha itria hubadilisha tabia yake. Ile yenye itria kidogo huhimili mkazo wa kupinda wa megapaskali 1,000 hivi, lakini ni nyeupe iliyofifia na haipitishi mwanga vizuri. Ile yenye itria nyingi hupendeza zaidi kwenye meno ya mbele kwa sababu inapitisha mwanga, ila nguvu yake hushuka hadi kati ya nusu na theluthi mbili ya ile ya kwanza. Lithiamu disilikati, kauri nyingine inayopendwa kwa uzuri wake, ina megapaskali 400 hivi, na kauri laini ya kupaka juu ya taji ina 100 au chini ya hapo. Mataji ya malighafi hizo zote nne ni meupe. Daktari wa pili, anayekutana na taji lililopasuka miaka sita baadaye, hana namna ya kujua kwa kulitazama ni lipi kati ya hayo, wala kama lilipasuka kwa sababu malighafi ilikuwa dhaifu kwa mahali pale au kwa sababu mgonjwa husaga meno usingizini. Majibu hayo mawili yanadai tiba mbili tofauti.

Mahali panapoamua mambo zaidi ni pale sehemu mbili zinapokutana. Jino la asili halikugandamana na mfupa. Limening'inizwa kwa nyuzi laini zinazopunguza kishindo cha kutafuna na kumwonya mtu mapema anapouma kitu kigumu. Kipandikizi hakina nyuzi hizo. Nguvu yote ya kutafuna hushuka moja kwa moja kwenye kauri, kwenye skrubu na kwenye kiungio. Skrubu hufanya kazi kwa kuvutwa: inapokazwa hurefuka kidogo sana, na mvuto huo ndio unaobana kiungio na kipandikizi vikawa kitu kimoja. Kila mtengenezaji hutaja kipimo cha kukazia skrubu yake. Mifumo mingi hutaka nyutoni-sentimita 30 au 35, mingine hutaka chini ya hapo. Ikikazwa pungufu, italegea. Ikikazwa kupita kiasi, itakatika. Kichwa chake nacho kina umbo lake: pembe sita, pembe nne, au umbo la nyota, na hata kati ya bisibisi mbili za pembe sita kunaweza kuwa na tofauti isiyofika sehemu moja ya kumi ya milimita, ambayo inatosha kabisa kuharibu kichwa cha skrubu. Tena kuna suala la ugumu. Zirkonia ni ngumu mara kadhaa kuliko titani, kwa hiyo kiungio cha zirkonia kinachokaa moja kwa moja ndani ya kipandikizi cha titani huweza kukila polepole. Ndiyo maana mafundi wengi sasa huweka kitako cha titani chini ya taji la zirkonia. Kama kitako hicho kipo au hakipo, mgonjwa hawezi kujua asipoambiwa.

Je, sehemu hizi huharibika kweli kiasi cha kustahili kadi? Mwaka 2012 Bjarni Pjetursson na wenzake walichapisha uchambuzi wa tafiti nyingi kuhusu madaraja yanayobebwa na vipandikizi, yaliyofuatiliwa kwa wastani wa miaka isiyopungua mitano. Vipandikizi vyenyewe vilifanya vizuri: asilimia 95.6 vilikuwa bado mahali pake baada ya miaka 5, na asilimia 93.1 baada ya miaka 10. Lakini wagonjwa ambao hawakupata tatizo lolote katika miaka 5 walikuwa asilimia 66.4 tu. Mmoja kati ya watatu, basi, alirudi kliniki na shida. Shida iliyoongoza ilikuwa kuvunjika kwa kauri au plastiki ya juu, asilimia 13.5, kisha magonjwa ya ufizi na mfupa kuzunguka kipandikizi, asilimia 8.5, kulegea kwa kiungio au skrubu, asilimia 5.3, na kung'oka kwa madaraja yaliyogundishwa, asilimia 4.7. Uchambuzi huohuo ulionyesha uzito wa malighafi: baada ya miaka 10 yalikuwa yamesalia asilimia 80.1 ya madaraja yote, lakini walipohesabu yale ya kauri juu ya metali peke yake, idadi ilipanda hadi asilimia 93.9. Kwa ufupi, kinachosifiwa kwenye matangazo, yaani titani iliyo ndani ya mfupa, ndicho kisichosumbua sana. Kinachosumbua ni vile vya juu, ambavyo ndivyo visivyoandikwa.

Gundi nayo ina habari yake. Taji linaweza kufungwa kwa skrubu inayopita katikati yake, au kugundishwa juu ya kiungio. Kugundisha huficha tundu la skrubu na huokoa sura ya jino la mbele, lakini gundi ya ziada ikibaki chini ya ufizi huleta uvimbe. Katika utafiti wa Thomas Wilson uliochapishwa mwaka 2009, gundi iliyobaki ilikutwa katika asilimia 81 ya vipandikizi vilivyokuwa na dalili za ugonjwa wa kuzunguka kipandikizi, na ilipoondolewa, dalili hizo zilitoweka katika asilimia 74 ya vilivyosafishwa. Ulikuwa utafiti mdogo, wa vipandikizi 42 vyenye dalili, lakini funzo lake ni la vitendo. Baadhi ya gundi hazionekani kwenye picha ya eksirei. Daktari wa pili anayeona ufizi ukitoa usaha anahitaji kujua kama taji liligundishwa na kwa gundi gani, kabla hajamwambia mgonjwa kwamba kipandikizi kimekataliwa na mwili. Kosa la kutojua hapo linaweza kumgharimu mgonjwa kipandikizi kizima ambacho kilihitaji kusafishwa tu.

Sasa fikiria njia ya kawaida ya mgonjwa wa Afrika Mashariki. Amewekewa jino India au Uturuki alikokwenda kwa matibabu mengine, au Nairobi alipokuwa kikazi, au Dar es Salaam kwenye kliniki ambayo imekwisha kuhama. Skrubu inalegea akiwa Mwanza. Daktari wa Mwanza anapiga picha ya eksirei na kuona kivuli cha kijiti chenye hesi. Duniani kuna mamia ya mifumo ya vipandikizi, na mingi hutoa vivuli vinavyofanana. Zimetengenezwa programu na hazina za picha za kusaidia kubahatisha aina ya kipandikizi kutokana na eksirei, na uwepo wake tu unatosha kuonyesha ukubwa wa tatizo: watu wamelazimika kuunda utaalamu wa kutafuta kitu ambacho mwenzao alikijua siku ya kwanza na kingeandikwa kwa dakika mbili. Daktari asipofaulu kutambua, atajaribu bisibisi aliyonayo. Kichwa cha skrubu kikiharibika au skrubu ikikatikia ndani, kuitoa ni kazi ya saa nyingi, na ikishindikana huenda kipandikizi kizima kikakatwa na kutolewa pamoja na mfupa wake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa mali yenyewe iko ndani ya taya.

Ulaya imeliona jambo hili, lakini nusu. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 745 ya mwaka 2017, iliyoanza kutumika rasmi tarehe 26 Mei 2021, inataka kifaa kinachopandikizwa mwilini kiambatane na kadi ya mgonjwa yenye utambulisho wa kifaa na mtengenezaji wake. Kanuni hiyohiyo, katika kifungu cha 18, imeondoa kwenye sharti hilo orodha ya vifaa vilivyohesabiwa kuwa vya kawaida, yakiwemo mataji ya meno, skrubu na viunganishi. Taji, kwa kuwa hutengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja, lina hati yake tofauti ya mtengenezaji ambayo mgonjwa anaweza kuipata, lakini hiyo ni karatasi nyingine kwenye jalada lingine. Ukiweka kanuni hiyo kando ya takwimu za Pjetursson, unaona kwamba kadi inalindwa kwa sheria pale ambapo matatizo ni machache, na inaachwa kwa hiari pale ambapo ni mengi. Nchi zetu zikiamua kuiga Ulaya, zisiige pengo hilo.

Pingamizi la kwanza litatoka kwa madaktari: kumbukumbu zipo tayari kwenye majalada ya kliniki, na mgonjwa akizihitaji atapewa. Ni kweli kwamba kliniki makini hubandika stika ya kipandikizi kwenye jalada. Tatizo ni kwamba jalada hubaki pale mgonjwa anapotoka. Kliniki hufungwa, madaktari hustaafu, kompyuta huharibika. Mwaka 2010, ilipogundulika kwamba kampuni ya Ufaransa ya Poly Implant Prothèse ilitumia silikoni isiyoidhinishwa kwenye matiti bandia, wanawake wengi katika nchi nyingi walilazimika kutafuta ni bidhaa gani waliyowekewa. Uingereza, nchi yenye mfumo mkubwa wa afya ya umma, ilikuwa imefunga rejesta yake ya matiti bandia mwaka 2006. Kama kumbukumbu za huko zilikatika, hatuna sababu ya kuziamini zaidi kumbukumbu zilizo kwenye kabati la kliniki ya ghorofa ya pili mtaani. Nakala ya mgonjwa haichukui nafasi ya jalada, inaliwekea dhamana.

Pingamizi la pili ni kwamba mgonjwa hataelewa yaliyoandikwa na ataipoteza karatasi. Kuelewa si sharti. Mwenye gari hahitaji kujua maana ya namba ya chesisi iliyo kwenye kadi ya gari lake. Anayeihitaji ni fundi na askari, na kadi ipo kwa ajili yao. Kuhusu kupoteza, wazazi wetu wametunza kadi za kliniki za watoto kwa miaka mingi, kwenye mifuko ya nailoni chini ya magodoro, kwa sababu waliambiwa zina umuhimu. Leo karibu kila anayemudu gharama ya kipandikizi ana simu yenye kamera. Picha moja ya kadi na picha moja ya stika za pakiti zinatosha. Gharama ya kuandika haiwezi kuwa kisingizio katika tiba ambayo bei yake ni mara nyingi ya bei ya kung'oa jino.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi. Litasema kwamba hii ni shida ya wachache wenye uwezo, wakati wananchi wengi hung'olewa meno ambayo yangezibwa kama wangefika mapema, na kwamba nguvu za wasimamizi zielekezwe kwenye kinga. Nakubaliana kabisa na kipaumbele hicho. Dawa ya meno yenye floraidi kwa watoto wa shule za msingi italeta faida kubwa kuliko taji lolote la zirkonia. Lakini kadi haili bajeti ya kinga. Inalipiwa na kliniki inayouza huduma. Na mgonjwa aliyeharibikiwa hatimaye hufika hospitali ya rufaa ya umma, ambako daktari bingwa atatumia saa zake kubahatisha skrubu badala ya kutibu taya lililovunjika kwenye ajali ya bodaboda. Uzembe wa kuandika kwenye sekta binafsi huhamishia mzigo kwenye sekta ya umma.

Wengine watahofu kwamba kadi itageuka tangazo la makampuni makubwa, na kwamba mgonjwa akiona jina asilolijua atadharau kipandikizi cha bei nafuu kilicho kizuri. Hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa si kila nakala ni mbovu wala si kila jina kubwa ni dhamana. Lakini dawa ya biashara ya majina haijawahi kuwa usiri. Kwa hali ilivyo, anayefaidika na ukimya ni yule anayelipisha bei ya kiungio cha kiwanda mama huku akiweka nakala, au anayesema zirkonia bila kusema ni ipi. Daktari mwaminifu anayechagua bidhaa ya bei nafuu kwa sababu za kitaalamu hana cha kuficha. Kadi itamsaidia kueleza uamuzi wake. Baada ya miaka kadhaa, kadi nyingi zikikusanywa zitatuonyesha ni bidhaa zipi zimedumu kweli katika midomo ya watu wetu, jambo ambalo hakuna utafiti wa Ulaya utakaotufanyia.

Nakiri kadi haitibu kila kitu. Uvutaji wa sigara, kisukari kisichodhibitiwa na mswaki unaosahaulika huangusha vipandikizi hata vikiandikwa kwa wino wa dhahabu. Kazi mbovu iliyoandikwa vizuri bado ni kazi mbovu. Ila kazi mbovu isiyoandikwa haiwezi hata kuthibitishwa, na kazi nzuri isiyoandikwa haiwezi kukarabatiwa kwa heshima inayostahili. Kadi pia husaidia nje ya kiti cha daktari wa meno: mgonjwa anayetakiwa kuingia kwenye kipimo cha sumakuumeme ataulizwa kama ana metali mwilini, na jibu la "kuna kitu kwenye jino" halimsaidii mtaalamu wa mionzi.

Hatua zinazohitajika ni chache. Tanzania ina Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, inayosimamia vifaa vinavyoingia nchini, na ina Baraza la Madaktari linalosimamia wanaovitumia. Kenya nayo ina mabaraza yake. Usajili wa bidhaa hutuambia ni nini kimeruhusiwa kuingia sokoni, lakini hautuambii kimeishia mdomoni mwa nani. Kinachokosekana ni sharti moja la kuunganisha ncha hizo mbili: hakuna kipandikizi, taji wala daraja litakalohesabiwa kuwa limekabidhiwa bila kadi ya ukurasa mmoja. Iandikwe mfumo wa kipandikizi, kipenyo, urefu na namba ya toleo. Mtengenezaji wa kiungio, na kama ni cha kiwanda mama au nakala. Aina ya skrubu, bisibisi yake na kipimo cha kukazia. Malighafi kamili ya taji au daraja na maabara iliyolitengeneza. Kama limefungwa kwa skrubu au gundi, na gundi ipi. Tarehe, jina na saini ya daktari. Mafundi wa maabara wahusishwe kuandaa fomu hiyo, maana wao ndio wanaojua kilichoingia tanurini.

Hadi sharti hilo litakapotungwa, mgonjwa ana nguvu moja, nayo ni fedha ambazo bado hajazitoa. Aulize kabla ya kulipa malipo ya mwisho kama ataandikiwa sehemu zote zilizoingia mdomoni mwake. Daktari anayejua alichoweka atalijibu swali hilo kwa dakika mbili. Asiyeweza kulijibu leo, siku ya kazi yake mwenyewe, hana haki ya kumtarajia daktari mwingine alijibu baada ya miaka kumi.